Kufua Kisu cha Kwanza: Chuma, Moto na Maneno Yake katika Kasongo na Kabambare

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtu asiye fundi anavyoweza kufua kisu chake cha kwanza kwa vyombo vichache: nyundo, tupa, koleo, makaa ya miti na kitu kizito cha kufulia. Mfano wetu ni kisu cha jikoni cha kadiri, cha kumenyea mihogo na kukatia mboga, nyama na samaki wa Lualaba, kama vile vinavyotumika katika nyumba za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema.

Msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili ana haki ya kuuliza kisu kinamhusu nini. Jibu letu ni kwamba kazi hii ina hatua ambapo kitenzi kimoja cha kawaida, kupoza, hutumika kwa mambo mawili yaliyo kinyume kabisa. Anayeyachanganya mambo hayo hupata ama kisu laini kama bati, ama kisu kinachovunjika kama chupa. Hapo neno limo ndani ya kazi yenyewe, na kosa la neno huonekana katika chuma.

1. Kitenzi kufua

Tuanze na kitenzi ambacho kila mwanafunzi anakijua, walakini kwa maana moja tu. Kwa walio wengi kufua ni kufua nguo. Wapwani hufua pia nazi, yaani huondoa kumbi zake, na mhunzi hufua chuma. Wazo linalounganisha maana hizi ni la kupiga na kushindilia. Nguo hupigwa juu ya jiwe, chuma hupigwa juu ya fuawe.

Kitenzi hiki ni cha kale. Lingala ina kotula, "kufua chuma", na motuli, "mhunzi". Ciluba ina kufula na mufudi kwa maana hizo hizo. Sauti t iliyofuatwa na ile u ya kale ya Kibantu imegeuka f katika Kiswahili na Ciluba, na ikabaki t katika Lingala. Sauti l iliyokuwa katikati ya irabu mbili imedondoka katika Kiswahili cha pwani, kama ilivyodondoka katika mvua, ambayo wengi wa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo huita mvula hadi leo. Wasemaji hao hao husema kufula nguo. Pierre de Maret na F. Nsuka, katika makala yao ya mwaka 1977 juu ya historia ya ufuaji wa vyuma kwa ushahidi wa lugha za Kibantu, walionyesha jinsi maneno ya kazi hii yanavyoweza kuhojiwa kama mashahidi wa historia.

Ushahidi huu una uzito wa pekee kwa Maniema. Kiswahili kilifika hapa pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani na Unguja, hasa kuanzia miaka ya 1860, kikaota mizizi Nyangwe na Kasongo katika siku za Hamed bin Muhammad, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Majeshi ya Dhanis yalipoiteka miji hiyo miwili mwaka 1893, lugha ilikwisha kuwa ya wenyeji. Lakini chuma kilikuwapo kabla ya misafara. Verney Lovett Cameron, aliyeivuka nchi hii mwaka 1874, alikuta tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma pamoja na wahunzi kazini, na Wasongye, majirani wa upande wa magharibi, walikuwa mabingwa wa shoka na visu ambavyo leo vinatunzwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kwa hiyo kitenzi kilichosafiri kutoka pwani kilikutana huku na ndugu zake, katika vinywa vya watu walioijua kazi yenyewe pengine kuliko waliokileta.

Hali ya maneno mengine ni tofauti. Mhunzi, fuawe, mivukuto, koleo, tupa, jiliwa na noleo ni maneno ya kamusi, lakini katika karakana za shule za ufundi, ambako mafunzo hutolewa kwa Kifaransa, mwanafunzi hujifunza forgeron, enclume, soufflet, pince, lime, étau na virole. Hatuoni aibu katika kukopa. Tatizo ni pale mwanafunzi wa isimu anapokariri fuawe kwa ajili ya mtihani bila kuwahi kuisikia ikilia chini ya nyundo, na fundi aliye mtaa wa pili hajawahi kulisikia neno hilo kabisa.

2. Kuchagua chuma

Chuma chochote hukatika, hupindika na kufuliwa, ila si kila chuma kinashika makali. Tofauti iko katika kaboni. Nondo za kujengea na misumari ya kawaida zina kaboni kidogo, aghalabu robo ya asilimia moja au chini yake, na hata zikichomwa na kutumbukizwa majini mara kumi hazitakuwa ngumu ipasavyo. Springi ya bapa ya gari ina kaboni ya kiasi cha nusu ya asilimia au zaidi kidogo, na tupa kuukuu ina asilimia moja au kupita. Hicho ndicho Kiswahili kinachokiita chuma cha pua, na kwa kile kilicho bora zaidi tuna neno feleji, tulilolipata kwa njia ya Waarabu na ambalo washairi walilipenda kwa ajili ya panga.

Leo hakuna haja ya kuyeyusha mawe. Barabara zetu zinavunja springi za malori kwa ukarimu mkubwa, na fundi huanzia hapo. Anayeanza na achague springi ya gari dogo, yenye unene wa milimita 6 au 7, kwani ya lori kubwa itamchosha mkono kabla ya kufika popote. Panga lililokwisha nalo linafaa, kwa sababu tayari ni jembamba. Tupa kuukuu hutoa kisu kikali sana, lakini haisamehe makosa.

Iwapo asili ya chuma haijulikani, kuna jaribio rahisi. Kata kipande kidogo, kichome hadi kiwe chekundu cha kung'aa, kitumbukize majini, kisha pitisha tupa juu yake. Tupa ikiuma, chuma hicho hakifai. Ikiteleza kama juu ya kioo, umepata pua. Wachimbaji wa dhahabu wa Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, wanaijua tofauti hii kwa njia ya gharama: mtaimbo wao, ambao huitwa zaidi kwa jina la Kifaransa barre à mine, ukitengenezwa kwa chuma laini ncha hujikunja kwenye mwamba, na ukizimwa vibaya hukatika.

3. Kufua umbo

Moto uwe wa makaa ya miti. Hewa yaweza kutoka katika mivukuto ya ngozi au katika feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli; chuma hakijali. Kipande cha reli au hata bonge la chuma cha mashine lililozikwa nusu ardhini hutosha kuwa fuawe. Jambo la kwanza kujifunza ni kusoma rangi ya chuma motoni. Chekundu cha giza ni baridi mno, na kukipiga katika hali hiyo ni kukitia nyufa. Rangi ya chungwa lililoiva ndiyo ya kufulia. Kikifika weupe na kuanza kutoa cheche kama fataki, chuma kinaungua, na sehemu hiyo haiponi. Ikatwe na kutupwa. Kisu cha kwanza kisipite sentimita 12 za ubapa, upana wa 3 na unene wa milimita 3 mgongoni. Upande wa nyuma uachwe mkia wa sentimita 9 hivi utakaoingia mpinini, kama msuka wa jembe.

Kuna jambo moja linalomshangaza kila mwanafunzi wa kazi hii. Anaanza na bamba lililonyooka, anaupiga upande wa makali ili uwe mwembamba, na kisu chake kinapinda kama ndizi, ncha ikielekea juu. Hajakosea kupiga. Chuma kinachopungua unene lazima kiende mahali, nacho huenda kwenye urefu; upande wa makali hurefuka, mgongo haurefuki, basi bamba hujikunja. Fundi mzoefu hutangulia. Kabla ya kuanza makali huukunja ubapa kinyume, ncha ikitazama chini upande wa makali, na mapigo yanayofuata huunyoosha yenyewe. Anayemtazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba anatengeneza mundu.

Makali yasifikishwe mwisho kwa nyundo. Yaachwe na unene wa milimita 2, na kona ya ndani, pale ubapa unapokutana na mkia, iwe ya mviringo. Kona kali ya pembe mraba ndipo visu vingi huvunjika.

4. Kupoza kunakolegeza na kupoza kunakokaza

Hapa ndipo palipotufanya tuandike. Kisu kilichotoka chini ya nyundo kina ugumu usio sawa: mahali kigumu, mahali laini. Kabla ya kukipiga tupa ni lazima kilainishwe. Kichomwe chote hadi wekundu wa kung'aa, kisha kizikwe ndani ya majivu makavu na kuachwa usiku kucha. Asubuhi kitakuwa laini hata tupa itakitafuna. Baada ya kazi ya tupa kichomwe tena kwa wekundu ule ule, na safari hii kitumbukizwe katika mafuta. Kwa muda wa sekunde chache tu kitakuwa kigumu kiasi cha kuikataa tupa ile ile.

Katika hatua zote mbili chuma kimepashwa moto na kupozwa. Fundi anayemwambia kijana wake "pasha, halafu poza" amesema kweli mara mbili na hajamwambia kitu. Sababu ya tofauti ni mwendo wa kupoa. Chuma cha pua kikipita nyuzi 750 hivi za Selsiasi, mpangilio wa chembe zake hubadilika, na kaboni huyeyuka ndani yake mithili ya chumvi katika maji. Kikipoa polepole, kaboni hupata nafasi ya kujitenga tena, na chuma hulegea. Kikipoa ghafla, kaboni hunaswa ilipo, chembe hukazana, na chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ugumu huo upunguzwe kidogo kwa moto mdogo wa tatu, la sivyo kisu kikianguka sakafuni kitapasuka.

Tunapendekeza basi vitenzi vitatu, vyote vya Kiswahili cha kila siku: kulegeza chuma kwa kupoza polepole, kukaza chuma kwa kupoza ghafla, na kurudisha chuma kwa kukipasha tena kwa joto dogo. Wenye kujua ufundi kwa Kifaransa watatambua humo recuit, trempe na revenu. Neno la tatu tumelifuata kwa makusudi, kwani revenu hutoka katika kitenzi cha kurudi, na picha hiyo inakaa vizuri katika lugha yetu: ugumu umepita kiasi, unarudishwa nyuma hatua moja. Neno trempe, kwa upande wake, lina udhaifu ule ule wa kupoza, kwani Mfaransa hutumia tremper hata kwa mkate anaouchovya katika kahawa. Wapo watakaopenda kuzimisha badala ya kukaza. Hatulikatai kwa mazungumzo, ila kuzimisha humtaja moto na kutuacha bila habari ya kilichotokea kwa chuma.

Turudi kazini. Kisu kikiwa kimelegezwa, kibanwe katika jiliwa au kifungwe kwa waya juu ya ubao, na kipigwe tupa. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Kuirudisha nyuma kwa nguvu ni kuyaua meno yake bure. Kwanza chora kwa msumari mistari miwili kando kando katikati ya ukingo wa makali, iachane kwa milimita 1, na usivuke mistari hiyo. Mteremko wa kulia na wa kushoto ulingane. Ukingo ubaki na unene wa milimita hiyo moja, kwa kuwa makali membamba mno huungua au kujikunja wakati wa kukazwa. Hatua hii ni ya saa nyingi na haina mengi ya kuelezwa. Inataka subira na tupa isiyo butu. Mikwaruzo iondolewe kwa msasa.

Kukaza kufanyike kivulini au magharibi, kwa sababu jua la mchana hudanganya macho. Andaa mawese katika chombo cha chuma chenye mfuniko, kamwe si cha plastiki, na yapashwe hadi yawe ya moto wa kuchomachoma kidole, nyuzi 50 au 60. Mawese yaliyoganda hayafai, nayo katika asubuhi ya baridi huganda. Maji hupoza upesi kuliko mafuta, na kwa springi nyembamba upesi huo huleta nyufa. Kwa bahati njema Maniema haina uhaba wa mawese.

Kipimo cha joto kinaweza kupatikana katika redio mbovu. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kikifika nyuzi 770. Toa sumaku katika spika, ifunge kwenye waya, na kila mara uguse ubapa. Siku sumaku inapokataa kushika, ongeza moto kidogo tu, hadi wekundu upande kidogo na uwe sawa tangu kisigino hadi ncha, kisha tumbukiza kisu ncha ikitangulia, kikiwa wima. Kisogezwe mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali. Kukitikisa kulia na kushoto ni kuupoza upande mmoja kabla ya mwingine, na kisu kitapinda. Mafuta yanaweza kuwaka. Mfuniko uwe karibu, na watoto wawe mbali. Kisha jaribu kwa tupa. Ikiteleza, kazi imefaulu.

Sasa kisu kirudishwe siku ile ile. Kisafishwe kwa msasa hadi king'ae, na mgongo wake ulazwe juu ya kipande kinene cha chuma kilichopashwa moto sana. Juu ya chuma kinachong'aa utaona rangi zikizaliwa mgongoni na kutembea kuelekea makali. Kwanza ni manjano hafifu, kiasi cha nyuzi 220. Halafu kahawia, 250. Zambarau, karibu 275. Na buluu, karibu 300. Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama. Huambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya rangi, kwa sababu mengi yameazimwa kutoka vitu vya sokoni: manjano kiungo cha mchuzi, kahawa, tunda la zambarau. Kwa mhunzi umaskini huo haupo. Anahitaji majina manne yasiyochanganyika, yaliyopangwa kwa utaratibu mmoja usiobadilika, naye anayo.

Kisu cha jikoni kisimamishwe pale manjano yanapoanza kugeuka kahawia kwenye makali. Panga, linalogonga mifupa na mizizi, liende hadi zambarau au buluu. Rangi ikifika panapotakiwa, chovya kisu majini ili joto lisiendelee. Maji haya hayakazi chochote, kwa kuwa chuma hakijafika tena kwenye wekundu. Ni kupoza kwa tatu, nako hakulegezi wala hakukazi, jambo linalozidi kuonyesha jinsi kitenzi hicho kinavyotuachia kazi ya kubahatisha.

5. Mpini na makali

Mti wa mpera, uliokauka kivulini miezi kadhaa, hufaa sana kwa mpini, na mvule pia. Toboa tundu jembamba kuliko mkia. Funga ubapa kwa kitambaa kilicholowa maji, pasha mkia peke yake hadi uwe mwekundu, na uusukume tunduni. Utajichongea nafasi yake kwa kuunguza. Kitambaa kisikauke, maana joto likipanda hadi ubapani kazi yote ya sehemu ya nne itakuwa imerudishwa kupita kiasi. Noleo, ile pete inayozuia mti kupasuka, yaweza kukatwa kutoka bomba la shaba, na ivishwe kabla ya mkia kuingia.

Kunoa huja mwisho. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 3, inua mgongo sentimita 1 juu ya kinoo, na pembe itakuwa nyuzi 20 hivi. Noa upande mmoja mpaka ukingo mdogo unaokwaruza kidole ujitokeze upande wa pili katika urefu wote, kisha geuza. Maji yatoshe jiweni muda wote.

Kisu kipya kijaribiwe kwa wiki moja jikoni kabla ya kuhukumiwa, na makali yake yatazamwe kwenye mwanga. Yakiwa yamemeguka vipande vidogo vidogo, kisu hakikurudishwa vya kutosha: toa mpini, king'arishe, na ukipeleke mbele kidogo, hadi kahawia kamili. Yakiwa yamejikunja upande mmoja bila kumeguka, ama hakikukazwa sawasawa ama kilirudishwa mno, na lazima kirudi kwenye makaa, mafuta na rangi. Na kikikunjika tena baada ya hapo, chuma hakikuwa pua tangu mwanzo.